Mistari miwili ya mwaka 9999

"Dada, hii tarehe ya mwisho ni ya kweli? 31 Desemba 9999?"

Kijana tuliyempokea kwenye timu aliniuliza hivyo juzi, kidole kikiwa juu ya skrini. Nilimjibu kwa ufupi. Katika ghala letu la data, yaani hifadhidata inayokusanya data ya mauzo kwa ajili ya ripoti, mteja akihamishiwa eneo jingine la mauzo, mstari wake wa zamani haufutwi. Unafungwa kwa tarehe, kisha mstari mpya unaongezwa, ili mauzo ya mwaka jana yabaki kwenye eneo la mwaka jana. Ralph Kimball, mtaalamu wa maghala ya data, aliuita utaratibu huo aina ya pili. Mstari ulio hai hupewa tarehe ya mbali kabisa, kwa sababu ukiiacha tupu, hoja (swali ambalo hifadhidata huulizwa) inayouliza "kati ya tarehe hii na hii" haitaurudisha mstari huo, na atakayesahau kuongeza sharti atawapoteza wateja wote walio hai. Akaandika kwenye daftari lake, akarudi kazini. Mimi nilibaki na kumbukumbu ya ule usiku wa kuamkia uzinduzi wa ghala hilo.

Miezi saba ya kazi ilikuwa imekwisha. Tarehe ya kufungua ripoti ilitangazwa kabla hatujapima ubora wa data ya chanzo hata kimoja. Nililiona hilo, nikanyamaza kwa kuwa ratiba ilikwisha kutiwa saini. Saa mbili usiku idara ya fedha ilituletea jumla yao ya mwezi. Yetu ilikuwa kubwa kuliko yao, kwa zaidi ya asilimia 3.

Nilianzia pale ninapoanzia hadi leo: kuhesabu mistari katika kila kituo data inapopita, kabla ya kugusa hesabu za fedha. Mfumo chanzo, 1,204,600. Eneo la mapokezi, ambako data ghafi hutua kwanza, 1,204,600. Jedwali la mauzo ndani ya ghala, 1,241,880. Basi chanzo kilikuwa salama na usafirishaji ulikuwa salama. Mistari 37,280 ilizaliwa katika hatua moja tu, ile inayochukua namba ya mteja na kuibadilisha kuwa ufunguo wa ndani wa ghala. Na hatua kama hiyo haiongezi mistari ila kama upande wa wateja una zaidi ya mstari mmoja unaolingana na namba ileile.

Nikaandika hoja fupi: panga wateja kwa namba zao, hesabu mistari yenye mwisho wa 9999, onyesha wale wenye zaidi ya mmoja. Kwa jedwali lililo sawa, jibu ni sifuri. Lilirudi na wateja 412.

Nilimchukua mmoja, nikaweka mistari yake miwili, mmoja juu ya mwingine. Namba ileile. Jina lilelile, herufi kwa herufi. Mmoja ulisema eneo la kaskazini, mwingine eneo la kati. Mmoja ulianza mwaka uliotangulia, mwingine ulianza tarehe 9 ya mwezi ule. Na yote miwili, kwenye safu ya mwisho, 9999-12-31, 9999-12-31. Nilizitazama zile tarehe mbili za tisa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ofisi ilikuwa kimya. Nakumbuka nilihisi nafuu kwanza, kwamba kosa lina umbo na nimelishika. Hofu ikafuata nyuma yake, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba kila muamala wa mteja huyu tangu tarehe 9 uliandikwa mara mbili, na meneja wa kaskazini na meneja wa kati wangeamka asubuhi kila mmoja akijivunia mauzo yaleyale.

Chanzo chake kilipatikana kwenye kumbukumbu za upakiaji. Kazi ya usiku ilikuwa na hatua mbili: kwanza kuingiza mistari mipya ya wateja waliobadilika, kisha kufunga mistari yao ya zamani. Usiku wa tarehe 9 diski ya kumbukumbu za mabadiliko ilijaa katikati ya hatua hizo. Mtu wa zamu alisafisha diski, akaianzisha kazi upya tangu mwanzo, kama mwongozo wetu ulivyomwelekeza. Safari hii hatua ya kwanza ililinganisha chanzo na toleo la mwisho la kila mteja, ikaona hakuna kilichobadilika, ikatoa orodha tupu. Hatua ya pili ilifunga mistari ya waliomo kwenye orodha hiyo tu, yaani haikufunga hata mmoja. Kazi ikaisha ikiwa na alama ya kijani. Mtu wa zamu hakukosea popote. Kazi niliyoijenga mimi haikuvumilia kurudiwa.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi. Hatua zote mbili ziliingia ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, kufunga kukitangulia kuingiza, zikamilike pamoja au zirudi nyuma pamoja. Ile mistari 412 ya zamani niliifunga kwa tarehe ya kuanza kwa mipya. Kisha niliongeza faharasa ya kipekee juu ya namba ya mteja kwa mistari yenye mwisho wa 9999 peke yake, ili hifadhidata yenyewe ikatae mstari wa pili ulio hai badala ya kunitegemea mimi kukumbuka. Sikujaribu kufuta mauzo yaliyorudufika moja moja. Ukishaanza kufuta kwa mkono hujui umeacha nini. Nilifuta sehemu nzima ya mwezi ule, nikaipakia upya kutoka eneo la mapokezi, na niliweza kufanya hivyo kwa sababu moja tu: data ghafi ya mwezi tulikuwa tumeihifadhi bila kuigusa.

Saa saba usiku nilimpigia mkuu wa mradi. "Mama, upakiaji utachukua saa tano. Kikao ni saa tatu asubuhi. Mistari italingana, lakini siwezi kuahidi jumla."

Alinyamaza kidogo. "Endelea. Nipigie ikiisha."

Saa kumi na mbili asubuhi mistari ilikuwa 1,204,600 kila kituo. Jumla bado ilipishana na ya fedha, asilimia 0.4. Hilo halikuwa la mashine. Bidhaa iliyouzwa mwezi mmoja na kurudishwa mwezi unaofuata, idara ya fedha huipunguza katika mwezi iliporudishwa; idara ya mauzo huipunguza katika mwezi ilipouzwa. Kila upande una sababu nzuri. Miezi saba tuliandika "mauzo halisi" kwenye nyaraka zetu, na pande zote mbili zikatia saini, kila mmoja akisoma maana yake. Hakuna aliyekuwa amepewa mamlaka ya kuamua.

Kwenye kikao nilipendekeza safu mbili zenye majina marefu yasiyochanganywa: "marejesho kwa tarehe ya kurudishwa" na "marejesho kwa tarehe ya mauzo". Wakakubali haraka, ripoti ikafunguliwa siku ileile. Mkuu wa mradi aliniuliza baadaye, tukiwa wawili: "Umetatua, au umeahirisha?" Nilimwambia nimetatua.

Siku hizi sina hakika. Faharasa ile imekataa mistari ya pili mara kadhaa tangu hapo, na kila mara kazi husimama kwa sauti kubwa na mtu huja kuitazama. Zile safu mbili hazijawahi kumsimamisha mtu. Kila idara huchukua iliyo yake, na mwisho wa robo mwaka jumla mbili huingia kwenye chumba kimoja. Labda ningeomba wiki mbili zaidi, ningewaweka wakurugenzi wote wawili meza moja hadi mmoja atoe jibu. Labda wiki mbili zingeisha bila jibu, na mradi ungefungwa, kama ilivyofungwa mingine niliyoiona.

Jioni ile ya juzi kijana alirudi mezani kwangu. Alikuwa ameendesha ile hoja ya kuhesabu mistari iliyo hai, ikarudisha sifuri, na alifurahi. Kisha akafungua ripoti ya mauzo, akasogeza skrini upande wangu.

"Sasa dada, kati ya hizi safu mbili, mauzo halisi ni ipi?"