Huo haukuwa utani

Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, binti wa kaka yangu anayesoma kidato cha pili alikuja kukaa nami Morogoro kwa majuma mawili. Mama yake alikuwa ameshanieleza kwamba mtoto anaumwa tumbo lisiloonekana kwenye vipimo, linaloanza Jumapili jioni na kutulia Ijumaa. Siku ya nne, tukiwa tunachambua mchele, aliniambia kwa sauti ndogo, "Shangazi, wamenifanya stika."

Mtu fulani alimpiga picha akilia kwenye sherehe ya kipaimara, akaigeuza kuwa stika na kuitupia kwenye kundi la WhatsApp ambalo wanafunzi wa darasa lao hulitumia jioni kwa simu za wazazi wao. Tangu hapo, kila alipoandika neno, hata la kuulizia kazi ya hesabu, alijibiwa kwa uso wake mwenyewe unaolia, na kesho yake darasani wenzake walimwigiza. Alivumilia hivyo majuma saba.

Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia mama yake, alijibu kwamba angenyang'anywa simu. Jibu hilo lilinichoma, kwa kuwa mimi pia nimewatisha wanangu hivyo hivyo, nikiamini ninawalinda. Mtoto akishajua kwamba kusema kutamletea adhabu, hunyamaza, na aibu aliyotupiwa na wengine huanza kuibeba kana kwamba ni kosa lake.

Kaka yangu, kwa nia njema kabisa, alisema ni utani wa watoto. Sikukubaliana naye. Utani tulioukuta kwa wazee wetu una pande mbili: mtani hukucheka hata msibani, nawe una haki ya kumrudishia, na siku hiyo hiyo yeye ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Watoto thelathini wanaomcheka mmoja asiyeweza kujibu wanamwonea.

Kabla ya kumtoa kwenye kundi, tulipiga picha za skrini zinazoonyesha tarehe na namba za waliotuma, kwa sababu ujumbe ukifutwa, mtoto hubaki na neno lake tu. Mama yake alizipeleka kwa mwalimu wa malezi, wazazi wakaitwa, stika ikafutwa. Hatukwenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza ujumbe unaotumwa kwa nia ya kumsumbua mtu au kumuumiza kihisia, lakini waliomwonea nao ni watoto, na niliona wanahitaji kukemewa na wazazi wao kwanza. Ingekuwa picha ya utupu, au mtu mzima anayemrubuni, tungekwenda moja kwa moja kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, bila kumtumia mtu yeyote picha hiyo hata kwa kutafuta ushauri, maana kuisambaza nako ni kosa. Namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bure, nimeibandika kwenye mlango wa jokofu, mahali ambapo watoto wanaweza kuisoma bila kuniomba.

Mama yake naye alimwahidi, mbele yangu, kwamba hatamnyang'anya simu kwa sababu ya jambo alilolisema mwenyewe. Tumbo limetulia, ingawa mpaka leo mtu akiinua simu karibu naye, hugeuza uso.