Siku yangu karakanani: kutoka plasta hadi mguu wa mtoto

Saa moja na nusu asubuhi nawasha oveni kabla sijavaa koti, maana huchelewa kufika nyuzi 180. Natengeneza vifaa vya kushikilia miguu ya watoto wenye mtindio wa ubongo, wale ambao kisigino hakigusi chini.

Saa mbili nashika modeli ya plasta ya mguu. Naongeza plasta kwenye vifundo ili pabaki nafasi, nalainisha kwa wavu na msasa. Naipenda hatua hii kuliko zote. Kishimo kikibaki kwenye plasta, ndani ya plastiki hutokea kinundu, na kinundu hicho kitamchubua mtoto. Basi nafumba macho, napapasa kwa vidole mpaka niridhike. Mwisho naivalisha soksi.

Saa nne, bamba la polipropilini, aina ya plastiki, la milimita 3 linaingia ovenini. Plastiki inaingia nyeupe kama maziwa, halafu weupe unaanza kuyeyuka pembeni kuelekea katikati. Doa jeupe likibaki, bado. Ikishakuwa angavu kabisa tunaitoa, mimi na mwenzangu, glavu mkononi, kila mmoja na pembe zake. Hapo hakuna kuongea. Modeli imelazwa kisigino juu. Tunaitandika na kuiacha ishuke kwa uzito wake. Ukiivuta, inakuwa nyembamba kisiginoni, na hapo ndipo kifaa kitakapopasuka. Tunabana kingo kwa chini, tunafunga kamba kwenye bomba linalotokeza kwenye modeli, tunafungulia pampu ya kunyonya hewa. Plastiki inajibandika kila bonde la mguu. Mkasi unapunguza ziada ingali laini, kisha haiguswi hadi kesho.

Mchana nakata kifaa cha jana kwa msumeno wa kukatia plasta, nasaga kingo hadi ziwe duara, napigilia mikanda ya velkro.

Saa tisa mtoto mwenye kifaa hicho anafika na mama yake. Anavaa, anatembea ameshika benchi, kisigino chini! Baada ya dakika 20 tunavua na kukagua ngozi. Wekundu wa kwenye ugoko unafifia haraka. Wa kifundo cha ndani haufifii. Napasha sehemu hiyo kwa hewa ya moto, naisukuma nje kidogo, anavaa tena.

“Fundi, viatu vyake vitaingia?”

“Hivyo haviingii, mama. Tafuta vipana zaidi, vya kamba. Na soksi ndefu ya pamba kila siku. Ukiona wekundu usioondoka, mvue umlete.”