Kesi ya London, mjadala wa Kiswahili

Kwa aliyezoea karata, mchezo wa upelelezi wa mezani una ugeni mmoja: hakuna wa kumficha kadi. Wote mko upande mmoja, na mpinzani ni kesi iliyomo kwenye boksi. Boksi likiwa ni Sherlock Holmes Consulting Detective, mpinzani ni Holmes mwenyewe, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, kwa kuwa mwishoni alama zenu hupimwa kwa zake, na hakuna mchezaji mwenye maringo kama huyo.

Mchezo huu ulitoka Marekani mwaka 1981, na toleo lake la Kijerumani likapata tuzo ya Spiel des Jahres, yaani mchezo bora wa mwaka nchini Ujerumani, mwaka 1985. Boksi la Thames Murders, ambalo ndilo la kuanzia, lina kesi 10. Hakuna kete wala kitu cha kusogeza. Kuna ramani kubwa ya London ya enzi za Malkia Victoria, kitabu cha anwani, kijitabu cha kila kesi, na gazeti la kila kesi. Basi. Boksi linasema wachezaji 1 hadi 8. Hiyo 8 msiiamini. Watatu au wanne wanatosha; wakifika sita, wawili watakuwa wanachati kabla hata ushahidi wa kwanza haujasomwa. Tengeni saa mbili hadi tatu kwa kesi moja.

Mwendo wake ni rahisi. Mmoja anasoma utangulizi: mteja kafika Baker Street, nyumbani kwa Holmes, na shida yake. Kisha mnaamua mwende wapi. Mkimtaka mtu, mnatafuta jina lake kwenye kitabu cha anwani, mnapata namba pamoja na herufi za eneo (NW, SW, WC, EC au SE), mnafungua kijitabu cha kesi kwenye eneo hilo, mnasoma aya ya namba hiyo kwa sauti. Hiyo ni ziara moja. Wapo pia watu wa kudumu ambao huwa wanajua mambo: Inspekta Lestrade pale Scotland Yard (makao makuu ya polisi wa London), daktari wa maiti, mtu wa kumbukumbu za serikali, mwandishi wa habari za jinai. Mkiona mmeielewa kesi, mnafungua maswali ya mwisho. Fungu la kwanza linahusu kesi yenyewe, la pili linahusu mambo ya pembeni ambayo huenda hata hamkuyaona.

Kitakachowasumbua si kanuni. Ni lugha. Kijitabu ni cha Kiingereza kizito cha mtindo wa karne ya 19, na meza nyingi za kwetu husoma Kiingereza kisha hujadili kwa Kiswahili. Aya ikishafasiriwa papo kwa papo, vitu vitatu hupotea, na kimoja tu kinatosha kuiharibu kesi.

Cha kwanza ni jinsia. Kiingereza kinatofautisha mwanamume na mwanamke kwenye kiwakilishi. Sisi tuna "a-" moja kwa wote. Msomaji anafasiri: "Alimwona akitoka akiwa na mkoba." Nani alimwona nani, na mkoba ulikuwa kwa nani? Aya ilisema wazi kwamba mwanamke ndiye aliyetoka, ila mezani hakuna aliyelisikia hilo, na kwa nusu saa nzima mtamshuku mume. Dawa ni msomaji kutaja jina au cheo kila mara hata kama inachosha masikio: "Mhudumu alimwona Bibi fulani akitoka, Bibi huyo ameshika mkoba."

Cha pili ni undugu. Kiingereza kina neno moja, uncle, kwa mjomba, baba mkubwa, baba mdogo na hata mume wa shangazi. Msomaji akitamka "mjomba", masikio yetu yanapokea ndugu wa mama, kwa hiyo mtu mwenye jina tofauti la ukoo. Kumbe huenda ni kaka wa baba mwenye jina lilelile, na kitabu cha anwani kimepangwa kwa jina la ukoo. Mtamtafuta mahali asipo. Afadhali kusema "ndugu wa mzazi, upande haujatajwa", ingawa hakuna anayeongea hivyo nyumbani.

Cha tatu ni saa, na hiki ndicho kinachoua kesi nyingi kuliko vingine. Kijitabu kinasema 10.30 p.m. Anayefasiri anasema saa nne na nusu usiku, sahihi kabisa. Lakini aliyeshika kalamu amesikia Kiingereza kwanza, ameandika "saa 10.30", na baadaye mwingine anaisoma kama saa kumi na nusu ya Kiswahili, yaani alfajiri au jioni. Saa sita zimeyeyuka, na mtuhumiwa mwenye ushahidi mzuri wa mahali alipokuwa anaonekana mwongo. Kubalianeni kabla ya kuanza: kwenye karatasi tunaandika kwa mfumo wa saa 24 tu, yaani 22:30. Mdomoni kila mtu aseme anavyopenda.

Kwa sababu hizo, msomaji na karani wasiwe mtu mmoja. Msomaji anasoma aya yote kwa Kiingereza bila kusimama, kisha anaifasiri, na kijitabu kinabaki wazi ili mwenye shaka arudi kwenye maneno yenyewe. Karani ana karatasi mbili. Ya kwanza ina safu tatu: nani, alisema nini, tulimpata namba ngapi. Safu hiyo ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo mtakayoilaumu pale mnapotaka kuirudia kauli ya mtu na hamkumbuki iko aya gani. Karatasi ya pili ni mstari wa muda: saa upande wa kushoto, tukio upande wa kulia, na alama ya kuuliza kwa kila saa iliyotajwa na shahidi mmoja tu. Dhana zenu zisichanganywe na kauli. "Alikuwa na deni" ni kauli. "Alimuua kwa sababu ya deni" iandikwe kwa penseli, au isiandikwe.

Gazeti lisomwe kabla ya ziara ya kwanza, dakika kumi zinatosha. Pigeni nakala mbili ili watu wasigombanie ukurasa mmoja. Msisome habari kubwa tu. Someni matangazo, vifo, wageni waliowasili. Kila jina la mtu lililomo liangaliwe kama limo pia kwenye kitabu cha anwani. Na magazeti ya kesi zilizopita hayatupwi, kwa sababu habari ya gazeti la zamani inaweza kufaa kesi inayofuata. Ndiyo sababu kesi huchezwa kwa kufuata namba.

Ramani wengi huitandika kama kitambaa cha meza. Ina kazi. Shahidi akidai alitoka sehemu moja hadi nyingine kwa miguu, wekeni uzi juu ya mitaa, si mstari ulionyooka, mlinganishe na njia ya mwingine.

Sasa alama. Holmes ana 100 daima. Ninyi mnajumlisha alama za majibu sahihi, kisha mnakatwa 5 kwa kila ziara iliyozidi za Holmes. Mkijibu maswali mkapata 85, mkawa mmefanya ziara 14 na Holmes 6, mmezidisha 8, mnakatwa 40, mnabaki na 45. Inauma. Mara nyingi ukisoma Holmes alivyoifumbua kesi utakuta karuka hatua ambayo binadamu wa kawaida haruki, na kuna wanaolifunga boksi moja kwa moja baada ya kesi ya kwanza kwa hasira. Kesi tatu za mwanzo acheni kabisa makato, hesabuni majibu tu. Wala halitakuwa kosa mkiyaacha siku zote.

Kanuni zinataka kiongozi wa uchunguzi abadilike kila ziara, na kundi kubwa huliacha hilo kwa uvivu. Msiliache. Michezo ya kushirikiana ina ugonjwa wake: mmoja mwenye sauti anaamua yote, wengine wanageuka wasindikizaji. Wekeni kitu mezani, hata kifuniko cha soda, anayekishika ndiye mwenye neno la mwisho kwa ziara hiyo. Wengine kila mmoja apendekeze mahali pamoja na sababu ya sentensi moja, akianza aliyekaa kimya zaidi. Ziara mbili zikipita bila kuongeza kitu kipya kwenye karatasi, simameni, karani asome yote tangu mwanzo. Kabla ya kufungua maswali, mmoja aieleze kesi nzima kama hadithi: nani, vipi, lini, kwa nini. Akikwama mahali, hapo ndipo pa kwenda ziara ya mwisho.

Kundi lenye watu wasiopenda Kiingereza kirefu lianze na MicroMacro: Crime City, ya Johannes Sich, iliyochukua tuzo hiyohiyo ya Ujerumani mwaka 2021. Ni mchoro mmoja wa jiji, sentimita 75 kwa 110, mweusi na mweupe, wenye kesi 16. Maandishi yapo kwenye kadi tu, mistari michache. Ujanja wake ni kwamba mtu mmoja kachorwa mara nyingi, kila mara kwa wakati tofauti, kwa hiyo mnamfuata kinyumenyume kutoka maiti ilipo hadi alikotokea asubuhi. Unahitaji taa kali juu ya karatasi, na mkeka chini ni bora kuliko meza, maana watu watazunguka pande zote nne. Chai iwe mbali.

Boksi la Holmes likiisha, halina siri tena kwenu, lakini hakuna kilichochanwa wala kukatwa, kwa hiyo kundi jingine linaweza kulichukua likiwa zima. Toeni kwanza karatasi za karani, na kagueni kama kuna aliyezungushia jina la muuaji kwa penseli kwenye kitabu cha anwani.