Jinsi Nilivyompa Masizi Sura na Sauti Mjini Kigoma

Kwa mtu anayetaka kuwaeleza watu habari za vichafuzi vya tabianchi vyenye maisha mafupi, yaani masizi, methani, ozoni ya karibu na ardhi na baadhi ya gesi za majokofu, ugumu wa kwanza ni kwamba vingi havionekani, na masizi yanayoonekana yamezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeyahesabu kuwa tatizo. Hapa Kigoma masizi yako chini ya kila sufuria, na katika vibanda vya kubanikia migebuka yameganda kwenye tando za buibui mpaka zikaning'inia kutoka darini nyeusi na nene kama kamba za katani. Mimi ni mchoraji wa mabango na vitabu vya watoto, na wanawake wanaobanika samaki Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, waliponiomba niwasaidie kulieleza jambo hili kwa wenzao, nilichagua filamu ya katuni.

Kabla sijachora mstari wowote, nilitafakari umri wa kila kichafuzi, kwa sababu niliona kwamba hadithi yenyewe imo humo. Masizi hukaa hewani siku kadhaa hadi majuma machache, methani hukaa miaka ipatayo 12, lakini hewa ya ukaa, sehemu yake hubaki kwa karne nyingi. Basi Masizi akawa kijana mwenye pupa, anayefanya uharibifu wake wote haraka. Methani akawa mtu mzima mkimya mwenye nguvu za kutisha, maana katika kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Na Ukaa akawa mzee aliyeketi, asiye na haraka ya kuondoka. Mtazamaji akishaona jinsi Masizi anavyofifia na kutoweka anapokosa moshi mpya, anaelewa bila mhadhara kwa nini kupunguza moshi leo kunaleta nafuu ambayo yeye mwenyewe ataiona. Gesi za majokofu, ambazo nchi zilikubaliana kule Kigali mwaka 2016 kuzipunguza, niliziacha kando, kwa kuwa mbanikaji wa mwaloni hana jiko wala kuni za kubadilisha ili kuzizuia.

Methani ndiye aliyenisumbua. Hana rangi wala harufu. Hata kwenye jalala, ambako naye hutoka, uvundo hutokana na gesi nyingine. Kumpaka kijani au kumchorea pembe kungekuwa kuwadanganya watu, kwa hiyo nilimwacha bila umbo kamili, nikafanya mandhari yaliyo nyuma yake yatetemeke kila anapopita. Watoto walijifunza upesi kumtafuta kwenye kona za picha.

Jambo nililolishikilia kuliko yote ni kwamba mpishi asiwe mkosaji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto; kumwonyesha mama huyo akikaripiwa na mhusika wa katuni ni ukatili. Katika filamu yetu yeye ndiye mpelelezi. Anagundua kwamba Masizi huzaliwa pale moto unapokosa hewa ya kutosha au kuni zinapokuwa mbichi, kisha anaanika kuni zake na kuinua chaga ili hewa ipite chini.

Kazi ya mkono ilikuwa ndefu. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde, lakini mchoraji anaweza kuchora 12 na kuonyesha kila moja mara mbili, na hata hivyo dakika mbili zinadai picha 1,440. Nilitumia Krita, programu ya bure, na nilichora mikono na vichwa peke yake ili niviunganishe upya kila tukio. Sauti zilitoka kwa wabanikaji wenyewe.

Tuliionyesha Kibirizi wakati wa mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wa dagaa, wanaotegemea taa kuwavuta samaki, hawaingii ziwani mwezi unapong'aa, na hivyo familia nzima huwa nchi kavu. Shuka tuliitundika chini ya paa ili mwanga wa mwezi usififishe picha. Masizi alipoingia kifuani mwa mtoto aliyebebwa mgongoni, mama mmoja mtu mzima aliniuliza kwa sauti, "Mwanangu, kumbe huyu ndiye anayenichoma macho miaka yote hii?" Nilimjibu, "Ndiye, mama, pamoja na wenzake waliomo kwenye moshi." Hapo wanawake wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu kuni zipi hukauka upesi na nani anauza mbichi kwa bei ya kavu, na mabishano hayo yalidumu kuliko filamu.

Kwa kuwa sauti nilizihifadhi mbali na picha, sasa tunarekodi upya kwa Kiha, lugha ya Waha wa mkoa huu, ili filamu ifike Kasulu na Buhigwe, ambako badala ya samaki tutachora mapipa ya kuchemshia mawese.