Mzee wa Magomeni na maiti ya Booth

Jana baada ya magharibi, kijiweni kwetu Magomeni, mzee mmoja alishikilia kuwa John Wilkes Booth, aliyemuua Rais Lincoln, hakufa 1865. "Alitoroka, mjukuu wangu. Yule waliyempiga risasi ghalani ni mtu mwingine." Kashata ilinikwama.

Nikamwambia, babu, maiti ilipelekwa kwenye manowari ya Montauk ikatambuliwa: herufi J.W.B. zilizochanjwa mkononi, na kovu shingoni ambalo daktari aliyewahi kumpasua alilikumbuka. Akacheka, akizungusha kikombe chake cha kahawa chungu. "Sasa mbona walimzika kwa siri?"

Hapo alinibana kidogo. Kweli serikali ya Marekani ilimfukia kimyakimya kwenye eneo la ghala la silaha Washington, na familia ikakabidhiwa mwili 1869. Wenyewe waliwapa watu cha kusema.

Na walisema! Mwaka 1903, huko Enid, Oklahoma, alikufa mtu aliyejiita David E. George. Ikavumishwa kuwa ndiye Booth. Mwili wake uliohifadhiwa kwa dawa ukaja kuzungushwa kwenye maonyesho, miaka na miaka, watu wakilipa kiingilio. Kiingilio, jamani, kuona maiti!

Nikamalizia na la 1995: mahakama ya Baltimore ilikataa kaburi la Booth lifukuliwe. Nilidhani nimemmaliza. Mzee akapiga goti lake kofi. "Unaona? Wanaogopa nini?"

Nikalipa kahawa zote mbili.