Kadi ya Kamera Ndani ya Kompyuta ya Mama Mdogo

Mwezi Agosti mwaka 2013, niliporudi Kigoma kwa likizo ya chuo, nilikuta mlango wa steshenari ya mama mdogo pale Mwanga umefungwa saa nne asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu alipoanza biashara ile. Yeye alikuwa ndani. Juu ya meza ilikuwapo kompyuta mpakato yake, ThinkPad T42 ya mwaka 2004 ambayo bado ilikuwa na nembo ya IBM, ikitoa mlio wa tak, tak, tak, kisha kimya, kisha mlio ule ule tena.

"Mafundi wawili wameshaniambia imekufa, mwanangu," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Ninunue nyingine."

Neno hilo, "imekufa", sikulikubali siku ile, na hadi leo silikubali linapotamkwa haraka. Kioo kilikuwa kizima, kibodi yake ilikuwa nzuri kuliko kibodi nyingi mpya, na prosesa yake ya Pentium M ilitosha kabisa kwa barua, mihtasari ya vikao na mitihani ya shule za jirani, ambazo ndizo zilizokuwa zikimlisha. Kilichoharibika kilikuwa kitu kimoja tu, nacho ni diski: sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Wakati ule Kigoma ilikuwa ikitegemea majenereta ya dizeli, betri ya kompyuta ilikwisha nguvu miaka mingi nyuma, na kila umeme ulipokatika diski ilizimwa ghafla ikiwa katikati ya kazi. Ilivumilia kwa muda mrefu.

Shida ilikuwa kupata diski mbadala. T42 inatumia diski ya aina ya zamani, IDE, yenye pini 44, ilhali maduka ya mjini yalikuwa na za SATA tu, ambazo plagi yake ni tofauti kabisa. Diski ya IDE iliyotumika ingepatikana kwa kutafuta, lakini ingekuwa na uzee ule ule na sahani zile zile zinazochakaa. Hapo ndipo nilipokumbuka kadi za CompactFlash, kadi za kumbukumbu za kamera ambazo kampuni ya SanDisk ilizitoa mwaka 1994. Kadi hizo huelewa amri zile zile za diski ya IDE, kwa hiyo adapta yake, kipande cha kuunganishia kadi na tundu la diski, haina akili yoyote ndani. Kazi yake ni kupeleka waya kutoka pini za upande huu hadi pini za upande ule. Kompyuta haijui kwamba imebadilishiwa. Kwangu mimi huo ni ufundi mzuri kuliko mambo mengi yaliyokuja baadaye.

Kadi tuliipata mita chache kutoka dukani, kwa mpiga picha za harusi ambaye kamera yake kubwa ya zamani ilikuwa ikitumia kadi hizo, na ambaye sasa alikuwa amehamia kwenye kamera ya kadi ndogo za SD. Alifungua droo akatoa moja ya GB 8, akakataa pesa. "Mdogo wangu, ikifufuka, nitachapiwa karatasi za bei za studio," alisema. Adapta nilimwagiza shemeji yangu, akainunua Kariakoo, ikasafiri mfukoni mwake kwa treni ya Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma.

Wakati wa kusubiri nililitia lile diski bovu kwenye kasha la nje la USB na kuliachia programu ya ddrescue usiku kucha, kwani yenyewe hukusanya kwanza sehemu zinazosomeka na kurudia zile ngumu mwishoni. Barua nyingi zilipona. Daftari la madeni halikupona, na mama mdogo aliliandika upya kutoka kichwani.

Adapta ilipofika, niliikagua chini ya taa na kuona pini moja kati ya 50 za tundu la kadi imelala. Kama ningeisukuma kadi bila kutazama, pini hiyo ingevunjika. Mama mdogo aliniletea sindano ya kushonea; nikaiingiza ncha yake kati ya pini, nikainyanyua ile iliyolala polepole, nikiishiwa pumzi, hadi ikasimama mstarini na wenzake. Kadi ikaingia bila kulazimishwa.

Windows XP sikuirudisha, kwa kuwa kadi nyingi za namna hii hujitambulisha kama kitu cha kuchomeka na kuchomoa, na Windows haipendi kusimikwa juu ya kitu cha namna hiyo. Toleo la kwanza nililojaribu la Linux, mfumo endeshi wa bure, lilikataa kuwaka, likidai prosesa itangaze uwezo wa kutumia kumbukumbu kubwa uitwao PAE, ambao Pentium M ya rika lile haiutangazi. Debian 7, toleo jingine la Linux, ilikuwa bado na kiini cha 486, yaani cha prosesa za zamani, ikakubali. Sikutenga eneo la swapu, yaani sehemu ya diski inayotumika kama kumbukumbu ya ziada, na niliweka mpangilio uitwao noatime ili mfumo usiandike kila mara faili linaposomwa tu, kwa sababu chembe za kadi huchakaa kwa kuandikwa, na sikutaka zile GB 8 ziishe kwa maandishi yasiyomsaidia mtu.

Nilipoiwasha kwa mara ya mwisho, mama mdogo aliinama akaweka sikio juu ya kibodi, akabaki hivyo kwa muda.

"Mbona hailii?"

"Hakuna kinachozunguka tena, mama."

Hakuniamini hadi ukurasa mweupe ulipofunguka. Akavuta kiti, akafuta vumbi kwenye miwani yake kwa ncha ya kanga, akaanza kuandika: PICHA ZA PASIPOTI, NNE. Kisha akageuka na kuniuliza mpiga picha anatoza shilingi ngapi siku hizi, nikatoka mbio kwenda kumuuliza.