Nilivyoiwekea fremu chapa yangu ya skrini hapa Mombasa

Chapa niliyoinunua London ni picha ya msanii chipukizi, imechapwa kwa skrini, yaani kwa kusukuma wino kupitia kitambaa chenye wavu, na chini yake ameandika kwa penseli 17/40 (nakala ya 17 kati ya 40) upande wa kushoto na saini yake upande wa kulia. Nakala nyingine ya toleo hilohilo imo katika mkusanyiko wa British Museum, nami niliweka miadi katika chumba chao cha chapa na michoro nikaitazama kwa karibu kabla ya kurejea nyumbani. Ilikuwa imeshikizwa kwa vipande vidogo tu vya karatasi ya Kijapani, nyuma ya ukingo wa juu, ili ipate nafasi ya kutanuka na kunywea kufuatana na unyevu wa hewa.

Ndiyo maana ushauri wa mafundi fremu ulinikera. Mmoja alitaka kuigandisha yote kwa gundi juu ya hadibodi, mwingine akataka kuilamineti, na wa tatu akashauri pambizo zikatwe ili iingie katika fremu aliyokuwa nayo, yaani namba na saini zitupwe pamoja na vipande!

Niliamua kuishikiza mwenyewe. Karatasi ya Kijapani nilikuja nayo. Kazi ilikuwa kwenye gundi ya wanga wa ngano. Uji wa unga wa ngano kama ulivyo nilioujaribu kwanza ulitoka na madonge, na kipande cha majaribio kikakauka kimekunjamana. Ndipo nikakanda unga kwa maji matupu, nikaliacha donge lipumzike, kisha nikalikamua ndani ya bakuli la maji mpaka yakawa meupe kama tui na mkononi kikabaki kinyama kinachonata na kuvutika. Maji yale niliyaacha yatuame kwenye friji usiku kucha, nikayamwaga ya juu taratibu, na wanga uliobaki chini nikaupika kwa maji safi na moto mdogo, nikikoroga bila kuacha, hadi ukaanza kung'aa. Ulipopoa niliuchuja kwa kitambaa. Gundi hiyo hushika barabara, na siku ukitaka kuibandua hulainika kwa maji kidogo. Ipikwe ya kutumika siku hiyohiyo, kwani kwa joto letu huchacha upesi.

Fundi nilimwachia mbao na kioo, kwa sharti kwamba kioo kisiiguse chapa. Wino wa skrini hukaa juu ya karatasi, na ukiiinamisha chapa kwenye mwanga utauona umeinuka. Katika unyevu wa pwani unaweza kunata kwenye kioo. Kadibodi nene isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha katikati, ndiyo inayovitenganisha. Kioo cha kuzuia miale ya jua ndicho kilichokula fedha nyingi, karibu sawa na vingine vyote kwa pamoja, lakini sikukubali cha kawaida.

Nimeitundika kwenye ukuta wa ndani wa ukumbini, mbali na dirisha, kwa kuwa makumbusho yenyewe huonyesha kazi za karatasi katika mwanga hafifu, wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga). Masika yamepita, na nilipofungua nyuma ya fremu sikuona ukungu wala mdudu.